Kikulacho Ki Nguoni mwa Utafiti



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mara nyingi huachiwa maprofesa walijadili wenyewe kwa wenyewe katika kumbi zao. Nalo ni usalama wa utafiti wa vyuo vikuu, hasa ile hatari inayotoka kwa watu walio ndani ya utafiti wenyewe. Najua mtu aliyeketi sokoni Bukoba, au anayesubiri basi Muleba, anaweza kusema, "Hayo yananihusu nini mimi?" Namwomba avumilie dakika chache. Naamini mwishoni ataona kwamba yanamhusu yeye kabla ya kumhusu profesa.

Nianze na kisa kilichonipata mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana niliyemaliza shule na sina kazi, nilipata kibarua cha udadisi katika utafiti mmoja. Kazi ya mdadisi, kwa wasioifahamu, ni kwenda nyumba hadi nyumba na madodoso mkononi, kuuliza maswali na kuandika majibu. Mimi na wenzangu tulipangiwa vijiji vya Wilaya ya Muleba. Tulikuwa tukishuka kwenye gari barabarani, kisha tunaingia migombani kwa miguu, kibanja baada ya kibanja, tukiongozwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Maswali yale hayakuwa mepesi. Ni nani wanaoishi katika nyumba hii? Ni nani amefariki? Aliugua kwa muda gani, na dalili zake zilikuwa zipi? Watoto aliowaacha wanalelewa na nani? Kibanja sasa ni cha nani? Kila anayeujua Uhaya anajua kwamba swali la kibanja peke yake linaweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja. Na swali la dalili za marehemu, katika mkoa uliozika watu wengi namna hii, ni swali la kumtoa mtu machozi.

Kabla ya kuuliza lolote tulitakiwa kusoma maneno ya kuomba ridhaa. Tulisema: una haki ya kukataa, na ukikubali, majibu yako yatakuwa siri. Mama mmoja mjane alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Waitu mwanangu, hiyo siri ataitunza nani?" Nikamjibu kwa pupa ya ujana, "Ofisi, mama. Kuna kabati na kuna kufuli." Akanitazama, akasogeza kigoda chake, akaanza kunieleza habari za mumewe. Nilikaa pale saa moja na nusu. Aliniambia mambo ambayo nina hakika hata shemeji zake hawakuyajua.

Ikapita miaka miwili. Siku moja niko stendi ya Muleba nasubiri basi la Bukoba, nikanunua karanga kwa kijana mmoja. Zilikuwa zimefungwa katika karatasi, kama ilivyokuwa kawaida. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi ili niitupe, macho yangu yakaangukia kwenye mwandiko. Ulikuwa mwandiko wangu.

Juu palikuwa na jina la kijiji, jina la kitongoji na jina la mkuu wa kaya. Chini yake yakafuata majibu ya maswali ya ugonjwa. Haikuwa karatasi ya yule mama. Ilikuwa ya jirani yake. Nilimrudia yule kijana mbio, na katika ndoo yake nikakuta karatasi nyingine 31. Nikazinunua zote, na karanga zake juu. Nilipomwuliza amezitoa wapi, akasema alizinunua kwa kilo kwa mlinzi wa ofisi fulani.

Nilizipeleka kwa wakubwa wa utafiti. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Nani ametuibia?" Wakakagua madirisha, wakakagua na kufuli ya lango. Hakuna kilichovunjwa. Baadaye ikabainika kwamba mradi ulipofika ukingoni, mkubwa mmoja aliagiza stoo isafishwe ili iingizwe samani mpya. Karani akampa mlinzi ufunguo. Mlinzi naye, ambaye alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi miwili, akaona marobota ya karatasi ambazo hakuna aliyezihitaji. Hakuna mwizi aliyeingia. Siri za watu zilitoka mlangoni, mchana kweupe, mikononi mwa mtu mwenye ufunguo.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile methali hii nimeiona kwa macho mapya.

Tunapotaja usalama, fikra zetu hukimbilia ukuta, seng'enge, mbwa na bunduki. Siku hizi tunaongeza na jasusi wa kigeni anayeingia katika kompyuta akiwa ng'ambo huko. Watu hao wapo, sikatai. Lakini ukuta haumzuii mtu mwenye kitambulisho cha kupitia langoni, wala neno la siri la kufungulia kompyuta halimzuii yule aliyelitunga.

Mtu wa ndani ni yupi? Kwa kadiri nilivyoona, yuko wa aina nne.

Wa kwanza ni mwenye tamaa. Huyu huuza: majina, matokeo ambayo hayajatangazwa, hata sampuli na mbegu. Wa pili ni mwenye kinyongo. Amedhulumiwa posho, au ameifanya kazi miaka mitatu na jina lake halikuonekana kwenye ripoti. Siku ya kuondoka anachukua nakala ya kila kitu, au anafuta. Wa tatu ni mzembe, na nadhani wengi wetu tumo katika kundi hili. Anaweka orodha ya wagonjwa kwenye flashi iliyo mfuko mmoja na funguo za nyumba. Anamwazima mpwa wake kompyuta ya kazi. Anatuma jedwali la majina kwa simu kwenda kundi ambalo silo. Hana ubaya wowote moyoni, lakini madhara yake ni yale yale. Wa nne ni mkubwa asiyeulizwa. Huyu sheria zote anawatungia wengine. Karani akichukua faili ataandika kitabuni. Yeye akichukua, nani atamwuliza?

Kwa nini jambo hili liwe zito kwetu Kagera? Kwa sababu mkoa huu umechunguzwa sana, na umejibu maswali mengi kwa niaba ya ulimwengu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile wananchi waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikifanyiwa biashara mpakani. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha nchini Sweden, walipima damu za watu wazima wa mkoa huu. Mjini Bukoba walikuta kwamba karibu watu 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Fikiria tarakimu hiyo katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake. Orodha moja tu ya majina, kama ingetoka katika kabati na kufika sokoni, ingevunja ndoa, ingefukuza watu kazini na kuwanyima yatima mahali pa kulala.

Kisha, kati ya mwaka 1991 na 1994, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaiacha familia katika hali gani. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale. Katika kila kaya 100 za mwanzo, 93 walipata kuonana tena na walau mtu mmoja wa kaya hiyo. Mwaka 2010 wakarudi mara nyingine.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Watu waliulizwa habari za misiba yao, na baada ya miaka kumi walipobishiwa hodi tena, wakafungua. Hawakufungua kwa sababu ya utajiri waliopewa. Walifungua kwa sababu waliyoyasema mara ya kwanza hayakuwarudia kwa njia ya umbea. Takwimu za utafiti ule zimesomwa na wanafunzi na wasomi wa nchi nyingi, lakini majina ya watu hawakupewa. Kumbe inawezekana elimu ikafunguliwa na siri ikafungwa, vyote kwa pamoja.

Tuje Muleba. Mwaka 2014 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, pamoja na chuo kikuu cha tiba cha KCMC cha Moshi na chuo cha tiba ya nchi za joto cha London, walianza majaribio makubwa ya vyandarua. Makazi yaligawanywa katika makundi 48. Wengine walipata vyandarua vya dawa ya kawaida, wengine vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, ambayo humnyima mbu sugu uwezo wa kuivunja ile dawa. Baada ya miezi tisa, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa kama 42 katika kila 100 upande wa vyandarua vya kawaida, na 29 upande wa vile vipya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo, na ushahidi uliotegemewa ulikuwa huu wa Muleba. Leo mtoto wa nchi nyingine analala salama kwa sababu mama wa Muleba alikubali mwanawe atobolewe kidole.

Sasa nauliza. Ingekuwaje kama wadadisi wachache, kwa uvivu au kwa hasira ya kucheleweshewa posho, wangeketi chini ya mwembe na kujaza majibu ya kubuni? Hilo nalo ni tendo la mtu wa ndani. Wenye kazi hii wanalijua, ingawa hawapendi kulitaja. Siri haikutoka, lakini ukweli umeuawa, na dunia nzima ingenunua vyandarua kwa kuamini uongo. Ndiyo maana katika majaribio ya namna hii wataalamu hujitahidi, inapowezekana, anayempima mtoto asijue kijiji kimepewa chandarua kipi, ili moyo wake usiupindishe mkono wake. Wanaofanya hivyo hawamtuhumu mpimaji. Wanamlinda yeye na kazi yake.

Kuna na mfano wa karibuni zaidi. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua walihesabiwa kuwa tisa, na sita kati yao walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Januari 2025 ugonjwa huo huo ukazuka Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa kuupata walifariki. Katika ugonjwa kama huo silaha ya kwanza ni orodha: nani alimgusa mgonjwa, nani alimwosha maiti, nani alipanda naye pikipiki. Mtu akiamini kwamba orodha itabaki kwa daktari, atataja majina. Akihofu kwamba jioni itasomwa kijiweni, atanyamaza, na ugonjwa utatembea na ukimya wake. Siri iliyovuja ofisini inaweza kuua watu kijijini.

Wapo watakaosema kwamba uzembe huu ni wetu sisi maskini tusio na vifaa. Hapana. Mwaka 1996, katika jimbo la Florida nchini Marekani, diski moja ya kompyuta yenye majina ya karibu watu 4,000 wenye ugonjwa wa UKIMWI ilifikishwa kwa magazeti. Haikuibwa na mgeni. Ilitoka kwa mfanyakazi wa idara ya afya aliyekuwa na ruhusa ya kuitumia.

Januari 2019 Singapore, nchi inayosifiwa kwa utaratibu, ilitangaza kwamba kumbukumbu za watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI zilikuwa zimevujishwa: raia wake 5,400 na wageni 8,800. Aliyezitoa hadharani alikuwa rafiki wa karibu wa daktari mmoja. Na daktari huyo hakuwa karani wa ngazi ya chini. Alikuwa amewahi kuongoza kitengo cha taifa cha afya ya jamii, na kwa cheo chake aliruhusiwa kuifungua orodha ile. Kompyuta zao zilikuwa nzuri kuliko zetu. Ukuta wao ulikuwa imara. Tatizo halikupitia ukutani.

Baada ya kusikia hayo, mtu anaweza kusema, "Basi tuwashuku wote." Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tuwe waangalifu zaidi, maana dawa mbaya huua kuliko ugonjwa.

Mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaka watu, wakiwemo watafiti wa vyuo vikuu, walioshukiwa kuipelekea China siri za nchi. Mwaka 2021 profesa mmoja wa chuo cha MIT alikamatwa na kushitakiwa. Januari 2022 mashitaka yake yakafutwa. Februari mwaka huo mpango wenyewe ukasitishwa, baada ya malalamiko mengi kwamba ulimfanya mtu aonekane mshukiwa kwa sababu ya asili yake. Wanasayansi waliovunjika moyo wakati ule hawahesabiki kwa urahisi.

Sisi tunapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Katika miradi yetu wamo wageni, wamo waliooa ng'ambo ya mpaka, wamo wa kila kabila na kila dini. Tukianza kulinda utafiti kwa kutazama sura na majina ya watu, tutawaumiza wasio na hatia na kumwacha mwenye hatia akinywa chai ofisini. Kumbukeni kwamba zile karatasi zangu za karanga hazikuuzwa na mgeni. Mlinzi alikuwa mwenyeji, na kwa kweli hakuwa hata mtu mbaya. Alikuwa na njaa na ufunguo, na hakuna aliyemwambia kilichomo katika yale marobota.

Tujifunze kutoka migombani kwetu. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulibainika wilayani Muleba. Wengi tulinyosha kidole mpakani. Kweli ugonjwa ulitoka nje. Lakini ulipokwisha kuingia, nani aliutoa mgomba huu akaupeleka mgomba ule? Wadudu walifanya sehemu yao, na sehemu nyingine ilifanywa na panga la mwenye shamba mwenyewe, lile alilolitumia kila siku kupogolea. Wataalamu hawakumwambia mkulima atupe panga, wala hawakumwita adui wa migomba. Walimwambia alipitishe motoni au alioshe kwa dawa kabla ya kuugusa mgomba mwingine, na ua dume aliondoe kwa kijiti chenye panda. Mkulima mwenye busara hakuona ametukanwa. Aliona amefundishwa.

Utafiti nao unahitaji panga linalopitishwa motoni kila mara, bila kumwuliza mwenye panga kama ni mtu mwema. Utaratibu wenyewe si wa ajabu.

Kwanza, jina la mtu litenganishwe na majibu yake tangu siku ile ile. Dodoso libebe namba. Orodha inayoonyesha namba hii ni ya nani itunzwe mahali pengine, na mtu mwingine. Kama tungefanya hivyo, karatasi yangu ingefunga karanga bila kumwaibisha mtu.

Pili, funguo zote zisiwe mkononi mwa mtu mmoja, na kila mmoja aone kile tu ambacho kazi yake inakitaka. Anayelipa posho hana haja ya kujua nani anaumwa. Anayechora majedwali hana haja ya kujua jina la kijiji. Na kila anayefungua aandikwe, awe karani au awe profesa.

Tatu, siku ya mtu kuondoka iwe na utaratibu kama siku ya kuajiriwa. Arudishe funguo, kompyuta na flashi, na neno lake la siri lifutwe. Hii inawahusu sana wanafunzi wanaobaki na takwimu za watu miaka mingi baada ya kuvaa joho.

Nne, mradi usifungwe kwa kufagia stoo. Karatasi ambazo muda wake wa kutunzwa umekwisha zichomwe mbele ya mashahidi, na iandikwe. Bajeti ya kuhifadhi na kuteketeza iwekwe tangu mwanzo. Fedha ya semina hupatikana. Na ya kiberiti ipatikane.

Tano, wadogo walipwe kwa wakati na watajwe kwa kazi yao. Wapo wanaoliona hili kuwa suala la huruma tu. Mimi naliita suala la usalama. Mdadisi anayelala njaa kijijini, dereva asiyejua mkataba wake unakwisha lini, mlinzi wa miezi miwili bila mshahara, hao ni milango uliyoiacha wazi kwa mikono yako mwenyewe.

Sita, na hili ni zito, tusiligeuze neno "siri" kuwa pazia la wakubwa. Mfanyakazi anayesema kwamba majibu yamebuniwa, au kwamba fedha ya wagonjwa imeliwa, huyo si mvujishaji. Ni mlinzi. Apewe mahali pa kusemea bila kuogopa kufukuzwa. Na wananchi waliohojiwa warudishiwe matokeo kwa lugha wanayoielewa. Siri ni majina yao. Elimu iliyotokana na majibu yao ni mali yao.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo yawe siri, na inampa adhabu anayeyatoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeundiwa Tume yake. Utafiti wa afya unatakiwa upate kibali cha maadili, na NIMR ina kamati ya kazi hiyo. COSTECH nayo inahusika na vibali vya utafiti. Lakini kibali hukaa ukutani, na mlinzi hukaa langoni. Kama yaliyomo katika kibali hayakumfikia mlinzi, karani, dereva na mfagizi, tumeandika sheria kwa ajili ya fremu.

Nayasema haya sasa kwa sababu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga kampasi yake mkoani humu, katika Wilaya ya Bukoba, chini ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET. Ni habari njema. Kampasi ina maana ya vijana wengi zaidi watakaobisha hodi katika vibanja vyetu na madodoso, au na simu zinazotumika badala ya madodoso. Simu haifungi karanga, ni kweli. Lakini karatasi 31 zilitaka ndoo. Simu moja hubeba kijiji kizima mfukoni.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vikuu wawafundishe vijana hao utaratibu huu kabla hawajawafundisha hesabu za takwimu. Nanyi wananchi, kijana akija kwako na kukuahidi siri, mwulize kama nilivyoulizwa mimi: ataitunza nani? Jina langu litakaa wapi? Mradi ukiisha, karatasi zitakwenda wapi? Kijana aliyefundishwa vizuri atajibu bila kukasirika. Asiyejua, mwambie kwa upole akaulize kwa wakubwa wake, kisha arudi.

Sijamaliza habari ya yule mama. Baada ya kisa cha karanga sikuweza kutulia. Nilipanda basi, nikashuka pale pale barabarani, nikaingia migombani mpaka nyumbani kwake. Nilimkuta anaanika kahawa. Nikamweleza yote: stendi, ndoo, mlinzi, na kwamba karatasi yake haikuwa katika zile nilizozikuta. Nilidhani hilo la mwisho litamfariji.

Alinyamaza kidogo, mkono wake ukiendelea kutandaza kahawa. Kisha akaniuliza, "Ulizikuta ngapi?"

Nikasema, "Thelathini na mbili, mama, pamoja na ile niliyofungiwa karanga zangu."

Akauliza tena, "Na zile alizokwisha kuuza kabla hujafika?"

Sikuwa na jibu, wala hadi leo sinalo. Hakunifukuza. Alinipa chakula kama mgeni. Lakini nilipoaga aliniambia kwamba wakija wengine kuuliza, watamkuta shambani.